Karatasi ya kadi za harusi za mkono: Mtwara mjini, Dar kwa basi, nje ya nchi, au uitengeneze mwenyewe?

Kabla hujauliza karatasi ipi inapendeza, uliza ipi utaipata tena. Karatasi nzuri zipo tele, na mwenye simu yenye bando anaweza kuziangalia hadi alfajiri. Kinachosumbua kadi za harusi huku kwetu Mtwara ni orodha ya wageni, kwa sababu haifungwi. Kadi ya mwaliko hufuata mchango, na mchango una mwendo wake: mjomba wa Tandahimba aliyeandika ahadi tangu Agosti anatoa fedha korosho zikishapita mnadani na malipo yakishaingia benki, yaani Novemba au Desemba, wakati ukumbi umeshalipiwa na wewe umeshafunika gundi yako. Ndipo mwenyekiti wa kamati anapiga simu: "Dada, tuongezee thelathini, na kumi kati ya hizo ziwe dabo." Kama karatasi ilitoka kwa mtu aliyepita Guangzhou, hizo thelathini zitafanana na za kwanza kwa jina la bwana harusi tu.

Kwa hiyo nimezipima njia nne kwa kipimo hicho kwanza, kisha uzuri, kisha gharama. Nazungumzia kadi za mwaliko zinazotengenezwa kwa mkono. Kadi za mchango zichape kwenye manila ya kawaida na usizipotezee muda. Hakuna anayeitunza kadi inayomdai.

Anza na bahasha

Wengi hununua karatasi, wakakata kadi, ndipo wakaanza kuzunguka kutafuta bahasha. Bahasha za madukani zina vipimo vyake na hazitakufuata wewe. C6 ni milimita 114 kwa 162, inapokea kadi ya A6 (105 kwa 148). C5 ni 162 kwa 229, inapokea A5. DL, ile ndefu ya barua za ofisini, ni 110 kwa 220, nayo inapokea A4 iliyokunjwa sehemu tatu. Kadi ya mraba ina mvuto wake, lakini bahasha yake utaikata na kuigundisha mwenyewe, na bahasha moja ya sentimita 14 hula karibu A4 nzima.

Fanya hesabu ya harusi ya kadi 150. Kwa A6 bapa, A4 moja inatoa kadi nne bila kubakiza kitu: karatasi 38 zinatosha. Kwa mraba wa sentimita 14, A4 inatoa mbili na kipande cha kutupa: karatasi 75, ukaongeze na 150 za bahasha. Mraba mzuri, ila uingie ukijua.

Hesabu ya pili ni ya uzito, maana inaamua usafiri. A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita ya mraba, hivyo karatasi ya gramu 300 (hizo ni gramu kwa mita ya mraba) ina uzito wa gramu 18.75 kwa kila A4. Karatasi 38 hazifiki hata robo tatu ya kilo. Anayekuambia kuleta karatasi kutoka Dar ni gharama kwa sababu ya mzigo hajawahi kuipima. Kinachogharimu ni kupata mtu wa kukuchagulia na kukufungia vizuri.

Steshenari za Mtwara mjini

Ubora wa njia hii ni kwamba unaishika karatasi kabla ya kulipa. Unaikunja pembe, unaiandikia kwa kalamu yako, unaitoa nje uione kwenye mwanga wa jua. Na mwenyekiti akipiga simu, unachukua bajaji.

Utakachokuta ni rimu za gramu 80, manila za rangi, karatasi za vyeti, ati kadi (ile kadi ngumu ya wachapaji) inayong'aa au isiyong'aa, bahasha, na ukibahatika tresingi, ile karatasi ya wachora ramani inayopitisha mwanga. Maduka yaliyo karibu na vyuo huwa na vitu vingi zaidi, kwa sababu wanafunzi wana kazi za kubandika na kufungia.

Manila inadharauliwa kuliko inavyostahili. Udhaifu wake upo wazi: ni laini, rangi zake za waridi na buluu hupauka zikikaa juani, na bunda la leo linaweza kutofautiana kidogo na la mwezi uliopita. Hilo la mwisho ndilo la kuliangalia. Nunua manila yote ya kazi moja kwa siku moja, pamoja na ziada ya thuluthi. Kisha usiitumie kama kadi yenyewe. Itumie kama kitambaa cha ndani cha bahasha, au kama tabaka la nyuma lenye upana wa milimita tatu kuzunguka kadi nyeupe. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna mgeni atakayeuliza ilitoka wapi.

Tresingi nayo inafaa kufunikia kadi, majina yakaonekana kwa mbali chini yake. Usiigundishe kwa gundi ya maji, itakunjamana papo hapo. Itoboe matundu mawili juu upitishe utepe.

Na kuna karatasi ya kaki. Hii ndiyo karatasi ya nyumbani hasa: kiwanda cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza kaki kutokana na misonobari ya nyanda za juu. Kaki nzito yenye maandishi meusi au meupe, ikafungwa kwa uzi wa katani, inatoa kadi yenye heshima yake. Wapo wazee watakaosema inafanana na mfuko wa saruji, na kwa Mtwara yenye kiwanda cha saruji utani huo hautakosekana kikaoni. Kama wakwe ni watu wa mapambo ya dhahabu, usiwalazimishe kaki.

Dar kwa basi

Hapa ndipo chaguo linapofunguka, na kwa kadi nyingi za mkono za hapa Mtwara ndipo ningeelekeza fedha. Maduka ya jumla ya karatasi, Kariakoo na katikati ya jiji, yanauzia wachapaji. Ndiyo maana yana gramu 250 na 300, yana karatasi yenye mistari ya kupapasika, yenye chembechembe, yenye mng'ao wa lulu, na nyeupe za namna mbalimbali, kuanzia ya barafu hadi ya maziwa. Conqueror, chapa ya Uingereza iliyoanza mwaka 1888, inajulikana vizuri kwa watu wa barua na vyeti. Angalia gramu zake tu, kwa kuwa ile ya barua ni ya gramu 100 au 120: ni ya kuandikia mwaliko na kuubandika juu ya kadi ngumu, haisimami yenyewe.

Ukimtuma mtu, mpe maneno ya dukani. "Karatasi nzuri ya kadi" itamletea chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Mwambie aulize gramu ngapi, ina uso wa namna gani, inapita printa gani, na wana bunda ngapi zilizobaki za rangi hiyo. Swali la mwisho ndilo la thamani. Bunda moja lililobaki maana yake huenda hutaiona tena.

Usikubali kuchagua kwa picha ya WhatsApp. Chini ya taa ya dukani, maziwa na nyeupe zinakuwa kitu kimoja, na mng'ao wa lulu hauonekani kabisa. Omba vipande vya sampuli vya ukubwa wa kiganja, muuzaji aandike jina na gramu nyuma ya kila kipande, vifungwe kwenye bahasha na vipandishwe basi. Nauli ya bahasha ni ndogo kuliko hasara ya bunda lisilofaa.

Maduka mengi ya jumla huuza karatasi kubwa na kukukatia kwa gilotini. Hapa kuna hesabu inayookoa fedha: karatasi ya sentimita 64 kwa 90 hutoa A4 tisa karibu bila kubakiza kitu. Ya 70 kwa 100 nayo hutoa A4 tisa zilezile, na vipande vinavyobaki. Kama unakata A4, lipia ile ndogo. Mwambie mkataji asizigeuzegeuze, zote zikatwe zikielekea upande mmoja, kwa sababu ya nyuzi.

Nyuzi za karatasi ya kiwandani hulala upande mmoja. Ukikunja kadi sambamba na nyuzi, mkunjo unatoka laini. Ukikunja kuzikata, uso unapasuka na weupe wa ndani unatoka, hasa kwenye karatasi ya rangi. Kujua ni rahisi: ipinde karatasi polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio nyuzi zilikolalia. Kisha pitisha mstari wa mkunjo kwa rula na kalamu iliyokwisha wino kabla ya kukunja.

Kufunga mzigo kuna kanuni moja: usiviringishe. Gramu 300 ikishaviringishwa itabaki na kumbukumbu ya mviringo hadi siku ya harusi. Iwekwe kati ya vipande viwili vya boksi gumu, nailoni juu yake, ipewe ofisi ya vifurushi ya basi na stakabadhi, isikabidhiwe mkononi mwa konda. Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi, mzigo unaotoka asubuhi unaingia jioni, barabara ikiwa nzima. Si kila mara iko nzima. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, Kilwa, na kusini yote ikasubiri. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na msimu wa harusi za korosho unaingia humohumo. Mzigo wa mwanzo uagize mapema kabisa. Wa pili ndio uutegemee basi.

Kuagiza nje

Karatasi za ajabu ziko huko: za pamba zilizotengenezwa kwa mkono India, na mji wa Sanganer karibu na Jaipur unajulikana kwa kazi hiyo, za Nepal, zinazotokana na gome la vichaka vya lokta vya milimani, na kutoka China, karatasi zilizokatwa tayari kwa leza kama kamba ya lesi. Ukiishika ya pamba yenye kingo zisizokatwa utaelewa kwa nini watu wanaisubiri.

Uzito hautakuumiza, tumeshauona. Wakala wa mizigo wa ndege anahesabu kilo, wa meli anahesabu ujazo, na wa meli anakula wiki nyingi. Kinachoumiza ni mengine. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki hutegemea bidhaa imewekwa daraja gani. Muulize wakala bei inayojumuisha kila kitu hadi mkononi mwako, kwa maandishi, kabla hujalipa muuzaji. Karatasi ya mkono hutofautiana bunda kwa bunda hata ikitoka kwa fundi yuleyule. Na zile kadi za leza, ukikosa kumi hakuna wa kukukatia Mtwara.

Kwa hiyo nje ni kwa orodha iliyofungwa. Harusi ya watu 60, familia mbili zimekaa, hakuna kamati ya mchango: agiza. Au agiza kwa ajili ya sehemu ndogo tu, kadi za wazazi, mashahidi na wageni wa meza kuu, ambao idadi yao inajulikana tangu posa.

Kuitengeneza mwenyewe

Watu hunicheka nikiitaja, lakini mikoa yetu miwili ina malighafi. Lindi ni nchi ya mkonge toka enzi, watu wa mashamba ya Kikwetu wanaujua, na nyuzi fupi zisizofaa kamba zinafaa karatasi. Njia rahisi kwa anayeanza ni kuchanganya: karatasi taka za ofisini zilizolowekwa usiku kucha na kusagwa kwenye blenda, kisha nyuzi za katani zilizokatwa sentimita moja na kuchemshwa saa kadhaa na magadi hadi zilainike, halafu zikasuuzwa sana. Mchanganyiko unamwagwa kwenye beseni la maji, unatumbukiza fremu yenye wavu wa dirisha, unainua, unapindua juu ya kitambaa, unakamua kwa uzito, unaanika kivulini.

Kitu ambacho maelezo mengi ya mtandaoni hukiruka ni wanga. Karatasi ya mkono isiyotiwa kitu hunyonya wino, na jina la bibi harusi linatawanyika. Huku kwetu kwenye muhogo suluhisho liko jikoni: uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, upakwe kwa brashi pande zote mbili, karatasi ikauke tena. Ndipo kalamu inakaa.

Karatasi hii usiipitishe kwenye printa. Haina unene mmoja, inamwaga vumbi, na fundi wa printa atakushukuru kwa fedha zako. Chapa kwa skrini kama wachapa fulana, au peleka majina kwa mchonga mihuri akutengenezee muhuri mkubwa wa mpira. Au mtafute fundi wa vinyago anayekubali kuchonga kibao cha kugonga wino: Mtwara si mahali pa kumkosa Mmakonde mwenye patasi.

Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa kavu inakausha vizuri. Kwenye mvua utaanika na kuanua siku nzima. Sijawahi kumshauri mtu atengeneze kadi 200 kwa njia hii. Vibandiko vidogo vya ukubwa wa kiberiti, vyenye herufi za maharusi, vikibandikwa kwenye kadi ya Dar, hapo inakaa mahali pake. Na ukitengeneza vibandiko 250 wakati wa kusi, thelathini za mwenyekiti zimo tayari ndani yake.

| Njia | Uso na uzito | Thelathini za ghafla | Angalia hasa |
|---|---|---|---|
| Mtwara mjini | Manila, ati kadi, kaki | Siku hiyohiyo | Rangi kubadilika bunda kwa bunda |
| Dar kwa basi | Karibu kila gramu na uso | Siku mbili tatu, barabara ikiruhusu | Mtu wa kukuchagulia. Bunda zilizobaki |
| Nje ya nchi | Nzuri kuliko zote | Sahau | Kodi, muda |
| Ya mkono wako | Ya pekee, nene, haina usawa | Ukiwa na akiba tu | Mvua, wino |

Printa na hewa ya bahari

Jambo hili linavuka njia zote. Printa za tangi za wino zilizojaa kwenye steshenari zetu hutumia rangi ambazo nyingi huyeyuka zikiguswa na maji, na vidole vya mtu aliyetoka juani ni maji. Kwenye karatasi ya mng'ao wa lulu wino huo unaweza kukaa juu bila kunywewa hadi ukapakaa. Printa ya leza huyeyusha unga kwa joto, hivyo haiogopi jasho, ila kwenye karatasi yenye mistari ya kina kirefu unga haufiki mabondeni na herufi nyembamba zinakatika. Karatasi yenye mistari chagulia herufi nene. Karatasi ya lulu ipeleke kwenye leza, tena kwa kupitishia nyuma ikiwa printa ina njia iliyonyooka, kwa kuwa gramu 300 haipendi kupinduka ndani ya mashine.

Hewa ya Shangani au Mikindani ina unyevu, na karatasi iliyoachwa mezani usiku hujipinda asubuhi. Mzigo ukitoka kwenye basi uache ndani ya nailoni yake hadi kesho yake uzoee joto la chumba, toa zile unazochapa tu, nyingine zifunge tena na uziwekee kitu bapa kizito juu. Kwa kubandika matabaka, selotepu ya pande mbili ni bora kuliko gundi nyeupe ya mbao, ambayo huivuta kadi ikawa kama kigae.

Neno moja kwa familia za Kiislamu: kabla ya kuchapa aya kwenye kadi, waulize wazee. Wengi hawapendi aya iende mahali itakapotupwa, na baadhi huomba bismillahi iandikwe kwa namna nyepesi au iachwe. Hilo nalo ni suala la karatasi, maana kwenye kadi ya tabaka mbili unaweza kutoa tabaka la juu na kulirekebisha. Iliyochapwa moja kwa moja huwezi.

Ningechagua hivi

Ukiwa na wiki mbili na kadi 100: Mtwara mjini. Ati kadi nyeupe isiyong'aa, tabaka la manila nyuma yake, uzi wa katani, bahasha C6. Usimtume mtu Dar, muda wote utaishia kwenye simu.

Ukiwa na miezi miwili na kadi 150 hadi 200, njia ya Dar haina mpinzani. Sampuli kwanza, kisha nunua karatasi za kadi 200 au 270 ukijumlisha thuluthi, za bunda moja. Ziada usizichape majina ya wageni. Zichape mwaliko, uache mstari wa mgeni wazi ujazwe kwa mkono. Mwandiko mzuri kwenye mstari ule ndio unaofanya kadi ya nyongeza isijulikane kuwa ni ya nyongeza.

Kadi 300 na zaidi, mkono wako peke yake hautoshi, hata ukiwa na wadogo zako wanne mezani. Hapo gawanya: 40 za meza kuu na wazazi zitengenezwe kwa karatasi ya pamba ya India au ya mkono wako, zilizobaki zichapwe kwa leza kwenye karatasi ya Dar ya rangi inayokaribiana nayo, na zote zipewe kibandiko kimoja na uzi mmoja. Weka kipande cha sampuli, kimeandikwa duka na gramu, ndani ya daftari la kamati, kwa sababu atakayetumwa Dar mara ya pili huenda asiwe aliyetumwa mara ya kwanza.